Tairi la Pikapu Iliyoinuliwa

Mazungumzo ya leo ni ya wenye pikapu na mafundi wanaozihudumia, lakini pia ni ya kila mtu anayevuka barabara ya Malindi kwa miguu. Tutazungumza habari ya tairi. Pikapu ikishainuliwa, mwenyewe hana raha mpaka apate tairi kubwa la kujaza ile nafasi iliyobaki wazi chini ya madigadi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea na hatari nyingi huingilia.

Niseme mapema ninachokiamini, anayetaka kunibishia aanze kujiandaa. Kwa njia zetu za Kisauni na kwa kazi tunazozifanya, tairi linaloifaa pikapu iliyoinuliwa ni lile lililozidi kimo kidogo tu kuliko la kiwandani, jembamba kiasi, lenye ubavu mnene, likavaa rimu ya inchi 16 au 17. Lile pana linalochomoza nje ya bodi, kwenye rimu ya inchi 20, lina ubavu mwembamba ambao njia zetu haziuonei huruma. Nasema haya kwa sababu nazipenda pikapu hizi na nawajali wanaozitegemea. Ndizo zinazotubebea mboga kwenda Kongowea alfajiri, ndizo zinazoleta maji mifereji ikikauka, ndizo zinazopeleka mawe na saruji kwa anayejenga. Pikapu ikilala juu ya mawe wiki nzima kwa kuwa beringi zimeliwa au difu imepasuka, kuna nyumba ambayo wiki hiyo chungu hakikai jikoni.

Tuanze na lifti yenyewe, maana hapa wengi hudanganyika. Ukibadilisha springi na shoki ukaweka ndefu zaidi, unainua bodi na chasisi. Ekseli ya nyuma haijapanda hata kidogo. Ile difu iliyoning'inia katikati ya magurudumu ya nyuma iko palepale ilipokuwa, na jiwe lililokuwa likiigonga jana litaigonga na leo. Kinachoiinua difu ni tairi peke yake, tena huinuka kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka, kwa sababu ekseli inakaa katikati ya gurudumu. Anayetaka kupita kwenye mawe bila kugonga difu, basi, swali lake la kwanza liwe juu ya tairi. Lifti inakuja baadaye, kulipa tairi hilo nafasi ya kuzunguka na kupanda na kushuka bila kusugua bodi. Wengi wetu tunaanza na lifti, kisha tunatafuta tairi la kuifanya lifti ionekane vizuri, nao mpangilio huo ndio unaotupeleka kwenye matairi makubwa kupita kiasi.

Chukua kalamu kama iko karibu, maana hesabu hii kila mwenye pikapu anapaswa kuijua. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa namba. Tuseme ni 265/70R16, kipimo cha kawaida kwa magari ya aina hii. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana, yaani asilimia 70 ya 265, nayo ni milimita 185 na nusu. 16 ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo rimu ni milimita 406. Ubavu uko juu na uko chini, kwa hivyo uhesabu mara mbili, ujumlishe na rimu. Unapata milimita 777. Hicho ndicho kimo cha tairi lako kutoka ardhini mpaka juu.

Sasa lile ambalo kila kijana analitaka, 285/75R16, wanaloliita la inchi 33. Ukilipigia hesabu hiyohiyo unapata milimita 834. Tofauti ni kama milimita 56, na difu inapanda nusu yake, milimita 28. Chini ya inchi moja na robo! Nasema hivi si kwa kulidharau, kwa sababu milimita 28 kwenye jiwe la tumbawe zinaweza kuokoa difu. Lakini kabla hujalinunua ujue unanunua milimita 28, si hiyo inchi 33 uliyotajiwa dukani. Na katikati ya hayo mawili kuna tairi ambalo halitajwi sana barazani, nalo ndilo ninalolipenda: 235/85R16. Kimo chake ni milimita 806, limezidi lile la kiwandani kwa milimita 28 au 29, kwa hivyo difu inapanda milimita 14. Ni jembamba kuliko lile la mwanzo, halisugui madigadi kwa urahisi, na kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya magari ya mzigo, kwa hivyo ubavu wake ni mgumu. Lipo pia la 265/75R16, milimita 804, kwa asiyetaka kupunguza upana.

Kwa nini nasisitiza wembamba na ubavu? Tazama ardhi yetu. Ukanda huu wa pwani umekaa juu ya matumbawe ya kale, mwamba wa chokaa uliokuwa chini ya bahari zama hizo. Ndio mwamba ule ambao kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikiuchimba tangu 1954, na machimbo yake ya zamani ndiyo yaliyopandwa mivinje kuanzia 1971 mpaka yakawa Haller Park. Ukiacha lami ukaingia ndani, mvua ikishaosha mchanga wa juu, jiwe hilo linajitokeza, na kingo zake hukata. Mara nyingi tairi halitobolewi katikati ya meno, ambako mpira ni mnene na kuna mikanda ya chuma, linakatwa ubavuni. Pancha ya kwenye meno fundi anaiziba kwa dakika chache na unaondoka. Ubavu ukipasuka, tairi hilo limekwisha, hata kama umelifunga juzi. Na kadiri tairi linavyochomoza nje ya bodi, ndivyo ubavu unavyokuwa wa kwanza kukutana na jiwe, na ukingo wa mtaro, na lile bomba lililokatwa likaachwa limesimama kando ya njia.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Miritini, hapahapa Mombasa bara, kuna kiwanda cha kuunganisha magari cha AVA, na miongoni mwa magari yanayotoka pale ni Land Cruiser pikapu ya 79, ile inayotumiwa na polisi, na wenye migodi, na mashirika ya misaada kule Garissa na Turkana. Tazama tairi ambalo gari hilo limelivaa kwa miaka mingi: 7.50R16. Ni jembamba, ni refu, kimo chake ni karibu inchi 32, na linakaa kwenye rimu ya chuma yenye upana wa inchi tano na nusu. Halina urembo wowote. Lakini waliotengeneza gari hilo walijua litapita wapi na litabeba nini. Tairi jembamba kwenye tope jepesi hushuka likatafuta ardhi ngumu iliyo chini, ilhali pana huelea juu na kuteleza. Kwenye njia yenye mawe linapita baina ya jiwe na jiwe. Na injini haichoki kulizungusha.

Natambua atakuwapo wa kuniambia kwamba tairi pana lina mahali pake. Lina mahali pake, na mahali penyewe ni mchanga mwingi mlaini. Wenzetu wenye jamaa Oman, wale wa Maskati na Ibra ambao Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani mwao, wakifika kwenye vilima vya mchanga vya jangwa la Wahiba jambo la kwanza hushuka na kupunguza upepo, kutoka pauni 35 mpaka 18 au 15, tairi lilale na kutandaa. Wakirudi kwenye lami wanajaza tena kabla ya kukimbia. Hata huko, kinachofanya kazi kubwa ni upepo uliopunguzwa kuliko upana ulionunuliwa. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo vitakusaidia kwenye mchanga wa Utange au wa njia za mashambani Kilifi kuliko tairi la bei mara mbili. Ila usisahau kujaza. Tairi lenye upepo mchache likikimbizwa kwenye lami yetu ya joto linajikunja kila mzunguko, linapata moto ndani, na mwisho linapasuka ukiwa mwendo wa kasi na gari limejaa watu.

Haya, tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo roho yangu inapouma zaidi. Baada ya namba za kipimo, ubavuni kuna namba nyingine na herufi, kwa mfano 113S au 120Q. Namba hiyo inasema tairi moja linabeba kilo ngapi. 100 ni kilo 800, 113 ni kilo 1,150, 120 ni kilo 1,400. Herufi ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Tuseme pikapu yako ikishapakia, ekseli ya nyuma inabebeshwa kilo 1,800. Matairi mawili yenye namba 100 yanabeba kilo 1,600 tu. Yatakaa wiki, yatakaa mwezi, yanapika moto ndani kwa ndani, na siku moja ya jua kali na mifuko ya saruji imepangwa mpaka juu, moja linaachia. Yako matairi mapana ya rimu kubwa yaliyotengenezwa kwa magari ya kutembelea, nayo namba yake ni ndogo kuliko ya lile tairi la kiwandani ulilolitoa. Usikubali kamwe kushuka chini ya namba iliyokuja na gari, hata ukiambiwa tairi lenyewe ni kubwa. Ukubwa wa umbo na uwezo wa kubeba ni vitu viwili mbalimbali.

Kuna namba nyingine nne, ndani ya kiduara kirefu, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT. Ukiona 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uliza namba hiyo kabla ya kuuliza bei. Mpira huzeeka hata ukiwa haujagusa barabara, na kwetu huku joto na jua huuharakisha. Tairi lililokaa miaka sita juani mbele ya duka, likapakwa ile dawa ya kung'arisha, linaweza kuonekana jipya kuliko lililotoka melini mwezi uliopita. Na tangu kiwanda cha matairi cha Nairobi, kile kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kikawa Sameer kikitoa matairi ya Yana, kilipofungwa 2016, matairi yetu mengi yanakuja kwa meli kutoka mbali. Yana safari ndefu na maghala mengi nyuma yake. Vidole vyako viguse ubavu, macho yatafute nyufa ndogondogo karibu na rimu.

Kuhusu meno, nitapita haraka. Tairi la tope, lile lenye meno makubwa yaliyoachana, linapendeza sana kulitazama, lakini kwenye lami iliyolowa mpira unaogusa barabara ni mchache, na gari huchukua hatua nyingi zaidi kusimama. Sisi wa Mtopanga tope letu ni la siku kadhaa za mvua ya mwaka, na vuli ikizidi kama ile ya El Niño mwishoni mwa 2023. Siku zilizobaki ni lami, mchanga na mawe. Tairi la mchanganyiko, lenye alama ya A/T, linatosha. La tope mwachieni anayeingia udongo mweusi wa Tana Delta kila wiki.

Rimu sasa. Watu wanadhani rimu yoyote yenye matundu sita ni ya pikapu yoyote. Ni kweli Hilux na D-Max nyingi zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, na rimu ya hii huingia kwa ile. Lakini tundu la kati la Toyota ni milimita 106, na la D-Max ni dogo zaidi. Ukivalisha D-Max rimu ya Hilux, katikati kunabaki upenyo, rimu haikai juu ya habu, inaning'inia kwenye nati peke yake. Utahisi usukani unatetemeka ukifika kilomita 80, utapeleka gari kusawazishwa mara mbili tatu na tatizo halitoki. Dawa yake ni pete ya kuziba upenyo huo, kitu kidogo cha bei ndogo, lakini fundi asiyekijua hawezi kukuambia. Land Cruiser 79 yenyewe ina nati tano kwa milimita 150, haiingiliani na hizo.

Halafu kuna mkao wa rimu, yaani rimu imezama ndani kiasi gani au imetokeza nje kiasi gani. Rimu inayotokeza nje, au spesa iliyowekwa nyuma ya rimu ya kawaida, inasogeza tairi mbali na beringi. Beba ndoo ya maji ukiwa umeibana kifuani, kisha uibebe mkono umenyooka mbele. Ndoo ni ileile, lakini bega litakwambia tofauti. Beringi, tairodi na boljointi za mbele zinabeba ndoo hiyo mchana kutwa, kwenye kila tuta na kila shimo kutoka Mtopanga mpaka daraja la Nyali. Zinakufa mapema, na zikifa kwenye kona ya kasi gurudumu linaweza kutoka. Na tairi lililotokeza nje linarusha mawe na maji machafu juu ya bodaboda aliye ubavuni mwako na mama anayetembea na watoto pembezoni, kwa sababu madigadi hayalifuniki tena.

Mwendo na breki. Saa ya kasi haijui umebadilisha tairi. Ukitoka milimita 777 ukaenda 834, tairi linakwenda mbele asilimia 7 zaidi kwa kila mzunguko. Saa ikisoma 50, mwendo unaoruhusiwa mjini, wewe uko karibu 54. Ukiweka la inchi 35, ukisoma 80 uko 91. Kilomita za kubadilisha oili nazo zinakwenda bila kuhesabiwa. Saa ikisema 5,000 umeshatembea zaidi ya 5,350. Injini inapata kazi ileile ya ziada, kana kwamba kila gia imefanywa nzito kidogo, na pikapu ya dizeli isiyo na turbo italia kwenye mlima wa Kaloleni ikiwa na mzigo. Na breki zako ni zilezile, lakini sasa zinashika gurudumu lililo refu na zito zaidi. Kwa asilimia ileile 7, nguvu zinazofika barabarani zimepungua.

Nina jambo moja la breki ambalo nawaomba mafundi walisikilize kwa makini. Chini ya pikapu nyingi, Hilux za miaka mingi zikiwemo, kuna vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ya chuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa limepakia, bodi inashuka, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu breki ya nyuma kupata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, vali inapunguza breki ya nyuma ili magurudumu yasikwame na gari kuzunguka. Sasa wewe umeinua bodi inchi mbili. Vali inadhani gari ni tupu siku zote! Umepakia tani nzima ya mawe, unakanyaga breki pale Bamburi Mwisho matatu imesimama ghafla, na breki ya nyuma inafanya kazi ya gari tupu. Fimbo hiyo inarekebishika, au mshikio wake unainuliwa kwa kiasi kilekile bodi ilichoinuliwa. Ni kazi ya nusu saa. Kila anayeinua pikapu na kumrudishia mwenyewe bila kuigusa vali hiyo amemkabidhi gari lenye breki pungufu, na mwenyewe hajui. Tazameni pia paipu za breki zinazoenda kwenye magurudumu: gari likinyanyuliwa kwa jeki na magurudumu yakaning'inia, paipu zisikazike.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi, inchi 35 na kuendelea, sitawazuia, ila waende kama wanavyoenda wanaoijua kazi. Kampuni ya Arctic Trucks ya Iceland ndiyo iliyotengeneza zile Hilux za tairi la inchi 38 ambazo kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilizipeleka kwenye barafu ya kaskazini 2007. Kuziandaa gari za namna hiyo hakuishii kwenye tairi. Bodi inakatwa kuzunguka magurudumu, madigadi yanapanuliwa, na uwiano wa gia za difu unabadilishwa, mbele na nyuma, ili injini irudishiwe nguvu ilizonyang'anywa. Na tairi hilo ni la kuelea juu ya theluji laini, na upepo umeshushwa chini kabisa. Anayechukua tairi la namna hiyo akaliweka kwenye Hilux iliyoinuliwa kwa vipande vya chuma chini ya springi, difu ikiwa ya kiwandani, breki za kiwandani, kisha akapakia kuku wa kwenda Malindi, amechukua sehemu moja ya kazi na kuacha tisa.

Kwa mtu wa hapa, basi, ningemshauri afuate njia hii. Atafute tairi kwanza, 235/85 au 265/75 kwa rimu ya 16, au linalokaribiana nayo kwa rimu ya 17. Ajaribu moja kabla ya kulipia yote. Muuzaji mzuri atakubali. Alifunge mbele, akate usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, halafu anyanyue gurudumu moja juu ya jiwe au kizingiti ili ekseli ijipinde, arudie kukata usukani. Apige tochi ndani: linasugua wapi? Kama ni kwenye plastiki ya madigadi, plastiki hiyo inaweza kukatwa. Likigusa chasisi au mkono wa juu wa springi za mbele, tairi hilo halifai. Kisha ndipo aamue anahitaji lifti ya kiasi gani, na mara nyingi atakuta inchi moja na nusu au mbili zinamtosha. Zaidi ya hapo, pikapu yenye springi huru mbele huanza kula jointi za shafti na buti zake za mpira, na gari lenyewe linakuwa juu kiasi kwamba kona iliyokuwa salama kwa 60 haiko salama tena.

Anunue matano, si manne. Spea ya kipimo cha zamani pamoja na matatu makubwa itailazimisha difu kufanya kazi isiyokoma, na tairi kubwa halikubali kila wakati kuingia pale chini ya bodi spea inapokaa, kwa hivyo apime kabla. Hali ya bima pia aiweke sawa mapema: aiandikie kampuni ya bima kwamba gari limeinuliwa na matairi yamebadilishwa, ahifadhi jibu. Bima husimama juu ya kusema kweli yote, na siku ya ajali ndiyo siku ambayo mkaguzi hulitazama gari kwa makini kuliko mwenyewe alivyowahi kulitazama. Matairi ya zamani, kama yana uhai, ayauze kwa anayeyahitaji. Yaliyokuwa kipara yaende kwa mafundi wa akala, yasirudishwe barabarani.

Baada ya kufunga, apeleke gari kunyooshwa magurudumu, maana lifti yoyote ya mbele huyapindisha, na tairi jipya linaweza kuliwa upande mmoja ndani ya miezi michache. Atembee kilomita 50 hadi 100, arudi kukaza nati zote tena, kwa spana ya kupima nguvu na si kwa kupanda juu ya bomba kwa miguu. Hewa yetu ina chumvi. Asugue kutu kwenye uso wa habu kabla rimu haijakaa, la sivyo nati zitaonekana zimekaza na kesho zimelegea.

Na ikifika magharibi, asimamishe pikapu mahali tambarare, mita tano kutoka kwenye ukuta, awashe taa. Zilikuwa zimelenga barabara, sasa zimelenga juu, kwenye macho ya anayekuja kutoka Mtwapa kwa bodaboda na abiria wawili nyuma. Kwenye kila taa kuna skrubu ya kuishusha. Aizungushe mpaka mwanga ushuke chini ya kimo cha taa yenyewe pale ukutani, kisha apakie mzigo wake wa kawaida aangalie tena, kwa sababu nyuma ikilala mbele huinuka, na taa zitahitaji kushushwa kidogo zaidi.